Jibu: Mimba haikuletei maltipo sklerosisi

Dadangu wa Langoni, umeuliza kama mimba hii ya tatu itakuletea maltipo sklerosisi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo) kama ya dada yako. Kuwa na ndugu mgonjwa huongeza hatari kidogo, lakini mimba si chanzo. Utafiti wa Ulaya wa 1998, uliofuatilia wanawake 254 wenye ugonjwa huo, ulionyesha mashambulizi yakipungua sana miezi mitatu ya mwisho ya mimba, kisha yakizidi miezi mitatu ya mwanzo baada ya kujifungua. Kwa hiyo mimi ningeiangalia zaidi arubaini na wiki zinazofuata. Jicho likififia huku linauma, au ganzi ikikaa siku kadhaa, nenda hospitali ya King Fahd uonwe. Na usikubali kuambiwa ni upepo tu. Lamu kila ganzi ni upepo!