Mabaki ya nyumbani kwa kufunga nzi bandia wa kuvulia trauti

Je, mabaki ya nyumbani yanafaa kufungia nzi bandia, yaani chambo cha mfano wa mdudu kinachotengenezwa kwa kuzungushia uzi na manyoya kwenye ndoano ili kuvua samaki aina ya trauti? Yanafaa kabisa. Frank Sawyer, aliyekuwa mtunza mto Avon huko Uingereza, alifunga nzi wake aitwaye Killer Bug kwa vitu viwili tu: uzi wa sufu wa kuzibia matundu ya soksi (chapa ya Chadwick's, namba 477) na waya mwembamba wa shaba. Uzi huo haukutengenezwa tena, na kuna wavuvi wanaousaka mpaka leo! Waya utaupata ukifungua mota ya feni iliyokufa. Ndio unaokipa chambo uzito kizame.

Manyoya ya kuku wa kitoweo nayo ni mazuri, ila angalia: ya kuku jike ni laini na hunywa maji, yatumie kwa nzi wa kuzama. Wa kuelea anataka manyoya ya shingoni mwa jogoo aliyekomaa, yale magumu yanayong'aa. Yafue kwa sabuni, yakauke, kisha yaweke kwenye friza siku kadhaa, la sivyo wadudu watayala.

Kwa kufungia, uzi wa pamba wa kushonea sipendi, mnene na huoza. Polista nyembamba ni bora. Ndoano nunua dukani.