Vitanzi 20 vimekuwa 27, nimekosea wapi?

Barua za kufuma zimekuwa nyingi tangu baridi ianze kubisha hodi huku nyanda za juu, kwa hiyo safari hii nimechukua tatu, na hiyo ya kwanza nitaikalia sana maana nikiijibu vizuri nusu ya zilizobaki mezani zitakuwa zimejibiwa humo humo.

Swali: Shikamoo mama. Sijawahi kufuma kitu chochote, natarajia mtoto wa kwanza mwezi wa saba na unaijua baridi ya Mafinga mwezi huo. Nimenunua sindano mbili na uzi mweusi mzuri wenye manyoya manyoya, nikafuata vidio kwenye simu nikaanzisha vitanzi 20. Nimefika mstari wa kumi na kitu nahesabu vipo 27! Kitambaa kimepanuka kama sketi na kina matundu. Nimefumua mara nne sasa nataka kuacha. Au mikono yangu ndo haifai? – Msomaji, Mafinga

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera sana, Mungu akufikishe salama. Mikono yako haina tatizo lolote. Hivyo vitanzi saba vya ziada vimeingia kwa njia mbili tu ambazo karibu kila anayeanza anazipitia na mimi nazijua maana nimekaa na wasichana wengi kwenye mkeka tukihesabu.

Njia ya kwanza ni kitanzi cha mwanzo wa mstari. Ukimaliza mstari ukageuza kazi, uzi wako unakuwa unaning'inia pale pembeni, sasa ukiuvuta juu ya sindano kuupeleka nyuma unakinyanyua kile kitanzi cha kwanza miguu yake yote miwili inatokeza juu, wewe unaona vitanzi viwili unavifuma vyote, tayari umeongeza kimoja. Kila ukigeuza acha uzi ushuke chini kwanza, halafu upitishe CHINI ya sindano kwenda nyuma, ndo uanze. Njia ya pili ndo hiyo ya matundu. Katikati ya mstari uzi umekuja mbele bila wewe kujua, ukafuma hivyo hivyo, ukajizungusha juu ya sindano na mstari unaofuata ukawa kitanzi kipya chenye tundu chini yake.

Sasa nikwambie jambo ambalo vidio hazikai nalo. Kabla hujafuata mikono ya mtu kwenye simu, jifunze kukiangalia kitanzi chako mwenyewe. Weka kazi mezani penye mwanga uangalie taratibu, kila kitanzi kimepanda sindano kama mtu aliyepanda baiskeli, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, na kwa chini kimeshikana na kitanzi cha mstari uliopita. Kile ambacho chini hakina mwenzake, ni uzi tu umelala juu ya sindano, hicho ni cha bahati mbaya, kidondoshe tu wala hakitafumuka kitu. Ukishajua hilo hutafumua kazi nzima tena kwa kosa la kitanzi kimoja.

Na ndo maana nakuomba huo uzi mweusi wa manyoya uuweke kabatini kwanza. Mweusi huoni kitu, manyoya yanaficha vitanzi, na mtoto mchanga manyoya hayamfai, yanaingia mdomoni. Nunua donge moja la uzi laini wa akriliki, rangi ya maziwa au kijani cha mwanzo wa majani, unene wa kati. Sindano za milimita 4 zinakutosha. Kama dukani zipo za mianzi au mti chukua hizo, za chuma zinateleza na anayeanza vitanzi vinamkimbia. Mimi nilifundishiwa kwenye njiti za baiskeli, babu alizisugua ncha kwenye jiwe la kunolea mpaka hazichomi kidole, na upande wa pili akafunga mpira kuzuia vitanzi visichomoke. Zilifanya kazi ila zilikuwa nyembamba, kipande cha kiganja kilichukua wiki.

Kuwa makini na namba za sindano pia. Namba 8 ya kizamani ya Uingereza ni milimita 4, lakini namba 8 ya Marekani ni milimita 5, na kwa Waingereza namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba wakati kwa Wamarekani inakuwa nene! Unaangalia vidio ya Mmarekani huku umeshika sindano ya Kiingereza, unashangaa kofia imetoka ya mdoli. Uliza milimita.

Kwa mpango wa mtoto, anzisha vitanzi 20, fuma kila mstari kwa aina ile ile kwenda na kurudi, usibadilishe, utaona matuta yanajitokeza, kila tuta moja ni mistari miwili. Hesabu vitanzi kila ukimaliza mstari, usichoke. Kipande kikiwa mraba pima upana. Tuseme 20 vimekupa sentimita 10, basi sentimita moja ni vitanzi 2. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama sentimita 35 kuzunguka na kofia inatakiwa ibane kidogo, kwa hiyo lenga 33, yaani anzisha upya vitanzi 66. Fuma mpaka urefu wa sentimita 15 hivi, pitisha uzi kwenye vitanzi vyote vya juu uvute vikusanyike kama mdomo wa mfuko, shona ubavu, kofia hiyo hapo. Sweta subiri kwanza, kofia ikishakubali tutaongea.

Swali: Mama shikamoo. Mi ni mlinzi wa usiku, kijana wa kiume, nimejifunza kufuma kwa dada yangu na inanisaidia kukesha. Wenzangu wananicheka eti kazi ya kike. Niache? – Msomaji, Makete

Jibu: Marahaba baba. Usiache. Kule Peru kuna kisiwa kinaitwa Taquile, kipo ndani ya Ziwa Titicaca, wanaume ndo wanaofuma kofia na wanafundishwa tangu wakiwa watoto, na ufundi wao UNESCO wameuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Makete baridi haichagui, wafumie hao wenzako kofia moja moja.

Swali: Habari mama, uzi umepanda bei. Ni kweli naweza kufumua sweta la mtumba nikapata uzi? – Msomaji, Lushoto

Jibu: Nzuri mwanangu, ni kweli kabisa na wengi tunafanya, ila ligeuze sweta ndani nje kabla hujalipa. Angalia ubavuni. Ukiona vipande vimeshonwa pamoja na ukingo wa kila kipande ni mzima, chukua. Ukiona ukingo umekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa mshono wa mashine usiotaka nyuzi zitoke, liache, kila mstari ulishakatwa utapata vipande vifupi vifupi tu. Lile la sufu lililosinyaa kwa maji ya moto liache pia, limeshikana halifumuki.

Ukifika nyumbani fumua mishono ya ubavu, anza kuvuta kutokea shingoni, uzungushe kwenye miguu ya kiti kilichopinduliwa. Utatoka umejikunja kunja. Ufunge sehemu nne usijivuruge, loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, suuza, tundika kivulini na chini yake ning'iniza chupa ndogo ya maji iuvute. Kesho yake umenyooka, unauzungusha donge, na usiukaze.