Uliza Fundi: Kwa nini vepu inamwaga juisi kila nikipanda mlima?

Swali: Fundi habari za kazi. Mimi niko Nairobi, niliacha sigara nikahamia vepu, yaani sigara ya kielektroniki, ile ya tangi unayojaza mwenyewe. Nikiwa nyumbani ama kazini haimwagi hata tone, lakini wikendi tukienda Longonot nikifika tu juu nakuta mfuko umelowa, na nikivuta inakoroma alafu juisi inanijia mdomoni. Koili, ile sehemu inayopasha juisi ikawa moshi, nimebadilisha na bado. Aliyeniuzia anasema hiyo tangi ni feki ninunue nyingine. Ni kweli?
*Msomaji, South B*

Jibu: Weka hiyo pesa kwanza. Tangi likiwa bovu lingemwaga hata ukiwa umekaa kwa meza kazini, halichagui wikendi. Kinachobadilika ukienda Longonot ni hewa, na ukishaelewa hewa inafanya nini humo ndani mengine yote yanakuwa rahisi.

Angalia tangi lako vizuri. Juisi iko chini imezunguka koili, juu yake kuna hewa. Ndani ya koili kuna pamba na pamba ndiyo inanyonya juisi, na sababu juisi haishuki yote ikajaza njia ya moshi ni kwamba huko juu tangi limezibwa kabisa, hakuna hewa inapenya kuchukua nafasi yake. Sasa wewe umetoka Nairobi, kama mita 1,700 juu ya bahari, unaenda hadi kilele cha Longonot ambacho kiko mita 2,776. Presha ya hewa ya nje inashuka kadiri unavyopanda lakini ile hewa uliyoifungia ndani ya tangi bado ni ya Nairobi, kwa hiyo inatanuka. Si umeona pakiti ya krispi uliyonunua mjini inavyofura ukifika juu? Ni hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba pakiti imezibwa pande zote, tangi lina mlango mmoja ambao ni koili, na kinachopita kwa huo mlango ni juisi.

Hebu tupige hesabu kidogo. Toka Nairobi hadi kile kilele hewa inatanuka kama asilimia 13 hivi. Tangi la mililita 5 likiwa nusu, yaani nusu juisi nusu hewa, hiyo hewa inatafuta nafasi ya kama mililita 0.3 zaidi, ambayo ni matone sita hivi, na hayo matone sita ndiyo yanakoroma ukivuta na ndiyo yamelowesha mfuko. Lakini tangi likiwa limejaa, umebakisha kaupovu kadogo tu ka hewa huko juu, kinachosukumwa nje hakifiki hata tone moja na nusu, na pamba inaweza kukimeza bila wewe kujua.

Kwa hiyo jaza kabla ya kutoka. Najua watu wengi wanafanya kinyume, wanaenda na tangi nusu wakifikiri juisi ikiwa kidogo itamwagika kidogo, na hapo ndipo wanaharibu manake hewa ndiyo inayosukuma. Kama hutaki kujaza basi limwage lote nyumbani, lipanguse, ubebe tangi tupu na chupa ya juisi kando, ujaze mkishafika. Tangi la kati kati ndilo baya.

Na kama liko nusu na mmeshaanza kupanda, kila mkisimama kupumzika weka tishu kwenye mdomo wa tangi alafu uligeuze, mdomo uangalie chini, subiri kidogo. Ukiligeuza hivyo juisi inahama na hewa ndiyo inakuwa karibu na koili, kwa hiyo ile presha inatoka kama hewa na sio kama juisi. Ukimaliza lisimamishe tena wima. Huko kupumzika kwenu pia usifungue mfuniko wa kujazia eti upunguze presha wakati tangi limesimama, ukifungua hivyo umeachia ule mzibo wote na juisi itashuka yenyewe.

Joto ni la pili. Gari likiachwa juani pale Naivasha mkila chakula, juisi inakuwa nyepesi na hewa ya ndani inatanuka hata bila mlima. Usiiache kwenye dashibodi, hata kwa sababu ya betri peke yake usiiache. Alafu angalia chupa yako imeandikwa nini, kuna VG na PG, ni vimiminika viwili vinavyochanganywa kutengeneza juisi. VG ndiyo nzito, PG ndiyo nyepesi. Koili za matundu makubwa zinataka ile ya VG asilimia 70 kwenda juu, ukiziwekea ya nusu kwa nusu itapita tu kama hakuna kitu. Vepu ndogo za podi ni kinyume, zinataka nyepesi, ukiweka nzito pamba inakauka inaungua.

Oringi kagua siku moja kabla, zile raba nyeusi ama za rangi kwenye kifuniko na kwenye shingo ya koili. Ikiwa imepasuka ama imelegea badilisha, tangi nyingi zinakuja na za akiba kwenye boksi na watu wanazitupa. Ipake juisi kidogo kwa kidole ndiyo iteleze vizuri, alafu funga kwa nguvu ya vidole tu, ukikaza sana raba inajikunja na hapo ndipo inavuja. Matundu ya hewa, kama ni yale ya kuzungusha, yafunge kabisa ukiwa unatembea. Longonot ina lile vumbi jepesi la volkano linaingia kila mahali na likichanganyika na juisi kwenye hayo matundu linagandia, kusafisha ni kazi.

Ikishakoroma usiendelee kuvuta kwa nguvu, unazidi kuivuta juisi kwenye njia ya moshi. Toa tangi kwenye betri, funga tishu chini, puliza kutoka juu kwa mdomo, panguza na ile sehemu ya kuunganishia betri manake juisi ikikaa pale vepu inaanza kuzima zima.

Kitu cha mwisho kwako, watu wengi watakushauri utie kwenye kimfuko cha plastiki. Longonot ni mbuga ya taifa na Kenya imekataza plastiki za kutumia mara moja ndani ya maeneo yaliyohifadhiwa tangu Juni 2020. Tafuta kikopo kigumu cha mfuniko wa kuzungusha, weka tishu chini, isimamishe wima humo, na kikopo kikae mfuko wa juu wa begi. Ukiiweka kwa mfuko wa suruali inalala, inabanwa na paja, inapata joto la mwili, yaani umeipa kila sababu ya kumwaga.

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni muongozaji Kilimanjaro, wageni wengi siku hizi wanakuja na hizi vepu, wengine zinavuja wakiwa bado hata hawajafika kambi ya Horombo na mimi ndiye naulizwa. Nawaambia nini? Na asubuhi zinagoma kuwaka.
*Msomaji, Moshi*

Jibu: Marahaba mwanangu. Soma jibu la hapo juu alafu zidisha. Moshi mko kama mita 900, kambi ya Kibo ni zaidi ya mita 4,700, huko hewa ya Moshi inatanuka zaidi ya mara moja na nusu. Tangi nusu likipelekwa hadi Kibo nusu ya juisi iliyomo au zaidi inaweza kusukumwa nje, hata kulijaza hakutoshi kwa safari ndefu hivyo manake mgeni anavuta njiani na hewa inaongezeka. Kwa hiyo waambie kabla ya getini: tangi tupu njiani, juisi kwenye chupa yake iliyofungwa vizuri, wajaze jioni mkishafika kambini na wamalize au wamwage kabla ya kuanza kupanda tena asubuhi. Wakati wa kushuka haina shida sana, hewa inarudi ndani badala ya kutoka.

Kugoma asubuhi ni baridi. Betri za lithiamu zikipoa sana zinatoa umeme kidogo na juisi ya VG nayo inakuwa nzito haiingii kwenye pamba, mtu anabonyeza anaunguza pamba anadhani imekufa. Usiku ilale ndani ya begi la kulalia pamoja na mwenyewe, tangi likiwa limetolewa. Na usikubali mtu aipashe kwenye jiko la jikoni hata kwa dakika moja.

Zile za kutupa ndizo zinanipa wasiwasi zaidi. Hazifunguki, kwa hiyo zikianza kuvuja hakuna cha kufanya, na zikiisha bado zina betri ndani. Ikitupwa kwenye moto inaweza kulipuka na ikaumiza mpishi ama mpagazi ambaye hata hakujua imo kwenye taka. Oktoba 2020 moto uliunguza eneo kubwa la huo mlima, nyie mnaoishi hapo mnaukumbuka kuliko mimi. Kila moja iliyopanda ishuke na mwenyewe, na uwaambie hivyo siku ya kwanza mkipanga mizigo, usingoje mpaka uikute imetupwa.

Swali: Fundi mume wangu anatembea na vepu kwenye begi moja na chakula tukienda matembezi na watoto. Juzi juisi imemwagikia mfuko wa mandazi, akasema ni harufu ya embe tu haina neno tule. Mimi sikukubali. Nani yuko sawa?
*Mama wawili, Thika*

Jibu: Wewe uko sawa dada, na nashukuru hukukubali. Hiyo harufu ya embe ndiyo hatari yenyewe, manake mtoto akinusa anajua ni kitu kitamu. Juisi yenye nikotini ni sumu ikimezwa na kwa mtoto mdogo hata kiasi kidogo kinaweza kumuumiza vibaya. Hata kwenye ngozi inapenya. Chakula kilichoguswa kinatupwa, chote, hakuna kupanguza upande mmoja mkala upande mwingine.

Ikimwagikia mtu, osha na sabuni na maji mengi mara moja na nguo ibadilishwe. Mtoto akimeza ama hata ukishuku tu kameza, usimlazimishe kutapika, mpeleke hospitali iliyo karibu haraka na ubebe ile chupa ili daktari aone nikotini ni kiasi gani. Usingoje dalili, lakini ukiona anatapika, anatoka jasho, mate yanamjaa, amekuwa mweupe ama amelegea, ujue mwili umeshaanza kuathirika.

Na huyo mzee mwambie, kwa heshima, vepu na chupa zake zikae begi lake mwenyewe, ndani ya kikopo, juu kabisa mahali mtoto hafiki. Mikono aoshe kabla ya kugawa chakula. Mkiwa mbali na maji abebe chupa ya maji ya kunawa na kipande cha sabuni, hii ya kujipanguza kwa tishu haitoshi.

Swali: Tunatoka Eldoret na marafiki tunaenda Sipi upande wa Uganda, Mlima Elgon. Tangi langu ni la kufunga juu, litavuja?
*Msomaji, Eldoret*

Jibu: Kabla ya kuvuja kuna sheria. Uganda kupitia sheria yake ya kudhibiti tumbaku ya 2015 imepiga marufuku sigara za kielektroniki, kuuza na hata kuingiza nchini, pamoja na shisha. Ukifika nayo mpakani Malaba ama Busia unajitafutia matatizo na hakuna ufundi wa oringi utakaokusaidia hapo. Iache nyumbani, tangi likiwa tupu na betri ikiwa na chaji nusu. Kama unaitegemea ili usirudie sigara, ongea na mfamasia kabla ya safari akueleze kuhusu chingamu ama plasta za nikotini, na hizo hazivuji hata ukipanda mpaka juu kabisa.