Tamko la forodha limeingia na makosa: nirekebishe au nifute?

SWALI: Nimeagiza paneli za sola 240 na inveta 12. Wakala wangu wa forodha ameshawasilisha tamko, na nilipopewa nakala nikaona makosa mawili. Kwanza, ametumia ankara ya profoma (ile ya awali, kabla ya mauzo) ya dola 21,900, wakati ankara ya mwisho niliyoilipa ni dola 24,300. Pili, paneli na inveta ameziweka zote mstari mmoja, chini ya msimbo 8541.43. Ushuru hatujalipa, na mfumo unaonyesha tamko limeangukia njia ya njano. Wakala anasema tulifute tuanze upya. Ni sawa? Na faini je?

JIBU: Msilifute. Makosa yote mawili yanarekebishika ndani ya tamko hilohilo, na kulifuta kutawapotezea siku ambazo tozo za hifadhi na demareji (tozo ya kuchelewesha kontena) hazitawasubiri. Ila ombi la marekebisho liingie leo, kabla afisa hajafungua faili lenu na kabla hamjalipa senti.

Haraka hiyo ina sababu ya kisheria. Mkataba wa Kyoto wa taratibu za forodha uliofanyiwa marekebisho, ambao ulianza kutumika mwaka 2006 na umekuwa msingi wa sheria za forodha za nchi nyingi, unatenganisha hali mbili. Ombi likifika kabla forodha haijaanza kuhakiki tamko au kukagua mzigo, forodha inatakiwa kukuruhusu urekebishe. Likifika baada ya hapo, utaruhusiwa endapo tu sababu zako zitaonekana za msingi. Kosa ni lilelile, lakini asubuhi unadai haki yako na jioni unaomba hisani.

Njia ya njano ni ya kuhakiki nyaraka; nyekundu ndiyo ya kufungua mzigo. Kuangukia njano si lazima kumaanishe kuwa uhakiki umeanza. Mwambie wakala atazame kama tamko limeshapangiwa afisa na kama kuna hoja yoyote iliyoandikwa. Kama hakuna, bado mko upande mzuri. Ombi lipite kwenye mfumo wenyewe au kwa barua inayogongwa muhuri wa kupokelewa. Simu kwa afisa mnayefahamiana haiachi saa wala tarehe, na siku mkibishana nani aliliona kosa kwanza, saa na tarehe ndivyo vitakavyowatetea.

Kufuta tamko kuna mahali pake: matamko mawili yameingia kwa bili ya shehena moja (hati ya meli ya kupokea mzigo), umeandika matumizi ya ndani kumbe mzigo ni wa kupita kwenda nchi nyingine au wa kuingia ghala la forodha, namba ya mlipakodi ni ya kampuni nyingine na mfumo haukubali kuibadilisha, au mzigo haukupakiwa kabisa. Hapo kilichoharibika ni msingi wa tamko. Hata hivyo ombi la kufuta lazima litangulie ruhusa ya kutoa mzigo, na sababu ikubalike. Wapo wanaojaribu kufuta ili kukwepa njia nyekundu. Hilo halipiti: mzigo ukishachaguliwa kukaguliwa, kwa kawaida utakaguliwa kwanza, na ombi lenyewe litawatia maafisa shaka. Mtego mwingine wa kufuta ni kwamba bili ya shehena hubaki imefungwa kwenye tamko la zamani mpaka manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, iachiliwe. Ukiingiza tamko jipya kabla ya hapo, mfumo unalikataa kwa kuwa mzigo huo umeshatamkwa. Na kama mlitumia kibali chenye kiasi maalumu, kiasi kilichokatwa kinapaswa kurudishwa kwenye kibali kwanza.

Tuje kwenye thamani. Kwa Mkataba wa Thamani ya Forodha wa Shirika la Biashara Duniani (WTO), msingi ni bei iliyolipwa au inayopaswa kulipwa kwa bidhaa, na profoma ni bei ya kupendekezwa tu. Tofauti yenu ni dola 2,400. Kama inveta hazikubadilika bei, basi kila paneli ilipanda dola 10. Chukulia, kwa mfano tu, ushuru wa asilimia 10 na VAT ya asilimia 18. Ushuru unaongezeka dola 240. VAT nayo hukokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani kwenye 2,640, ikazaa dola 475.20. Jumla mmepungukiwa dola 715.20. Weka hesabu kama hii, kwa viwango halisi, ndani ya ombi lenu. Afisa akiona mmejikokotolea nyongeza wenyewe, hana haja ya kuanza kutafuta mnachoficha.

Hapa mawakala hukosea tena wakati wa kurekebisha: masharti ya bei. Profoma ikiwa FOB (bei bila nauli wala bima) na ankara ya mwisho CIF (bei pamoja na bima na nauli), sehemu ya masharti nayo ibadilike, na nauli iliyojazwa kando iondolewe. La sivyo, kwa nchi inayotoza kwa CIF, nauli itahesabiwa mara mbili. Zote zikiwa FOB, nauli na bima zibaki kando, kisha zigawanywe upya kati ya mistari. Tuseme nauli ni dola 2,430 na mfumo unagawa kwa uwiano wa thamani: kama katika zile dola 24,300 paneli ni 19,200 na inveta 5,100, paneli zitabeba 1,920 na inveta zitabeba 510. Kama mfumo unaruhusu kugawa kwa uzito, chagueni njia moja kwa tamko zima.

Msimbo nao. Katika toleo la 2022 la HS, mfumo wa kimataifa wa misimbo ya bidhaa, 8541.43 ni la seli za sola zilizounganishwa kuwa paneli. Inveta ni kibadilishi cha umeme na hukaa 8504.40. Zikibaki kwa paneli, mahali ambapo paneli zina msamaha wa ushuru, inveta zitaonekana zimefichwa chini ya msamaha huo, na hilo huchunguzwa kwa ukali kuliko kosa la bei. (Wenye fomu za zamani zilizohifadhiwa kwenye kompyuta wachunge 8541.40: toleo la 2022 liliugawa msimbo huo, ila baadhi ya ofisi bado zinaunakili.)

Kuongeza mstari wa pili si kuandika msimbo tu. Kila mstari unataka idadi, vifurushi, uzito halisi, uzito jumla, thamani na nchi ya asili vyake, na jumla ya mistari iwiane na bili ya shehena. Angalieni vifurushi. Tuseme paneli zimefungwa 30 kwa kila paleti, yaani paleti 8, na inveta zote 12 zimekaa paleti moja. Bili ya shehena itasema vifurushi 9. Mkiandika 8 kwa paneli na 12 kwa inveta kwa sababu kila inveta ina boksi lake, tamko litakuwa na 20 dhidi ya 9 za manifesti, na litakwama. Uzito jumla nao usibadilike hata kilo, mnaugawa tu.

Mkigundua kwamba kosa liko kwenye bili ya shehena yenyewe, kama namba ya kontena, uzito au jina la mpokeaji, kurekebisha tamko hakutawasaidia. Hayo ni ya manifesti, na anayeomba kuirekebisha ni wakala wa meli. Manifesti itangulie, tamko lifuate.

Barua ya ombi itaje namba na tarehe ya tamko, namba ya bili ya shehena, kisha kila badiliko kwa sehemu yake: ilivyoandikwa, inavyotakiwa, kwa nini. Hivi:

“Mstari 1, thamani: imeandikwa dola 21,900, isomeke dola 19,200 kwa paneli pekee. Sababu: ilitumika profoma badala ya ankara ya mwisho, na inveta zilijumuishwa kimakosa. Mstari 2 (mpya): inveta 12, msimbo 8504.40, dola 5,100.”

Ambatisha ankara zote mbili, ndiyo, na profoma pia, kwa sababu ndiyo inayoeleza kosa lilivyozaliwa. Weka uthibitisho wa benki wa dola 24,300, orodha ya vifurushi, na karatasi ya maelezo ya kiufundi ya inveta yenye namba ya modeli. Msiandike “kosa la kiufundi”. Maneno hayo hayaelezi kitu, na maafisa wameyasoma mno. Wala msimwombe muuzaji atoe ankara nyingine yenye namba ileile na tarehe ya nyuma. Ankara mbili tofauti zenye namba moja zinafanana na kughushi. Kama kuna cha kusahihisha, atoe ankara mpya inayotaja ile inayoichukua nafasi.

Mkiwa mnadai nafuu ya ushuru kwa cheti cha uasili wa bidhaa, kisomeni upya. Kikitaja namba ya profoma au kuziweka inveta chini ya msimbo wa paneli, nafuu inaweza kukataliwa. Aliyekitoa ndiye wa kukisahihisha. Kalamu yenu isikiguse.

Kuhusu faini, neno la mwisho ni la sheria ya nchi yenu, lakini mna hoja nzuri. Mkataba huohuo wa Kyoto unataka kosa lisilo na nia ya udanganyifu wala uzembe mkubwa lisipewe adhabu nzito, na Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa WTO, ulioanza kutumika 2017, unahimiza forodha imfikirie kwa unafuu anayejitaja mwenyewe kabla hajagunduliwa. Katika nchi nyingi kuna ada ndogo ya marekebisho. Tarajieni hiyo, pamoja na ile nyongeza ya kodi.

Kama mngekuwa mmeshalipa na mzigo umetoka, bado mngejitaja kwa maandishi: mliopungukiwa hutolewa tathmini ya nyongeza, waliozidisha huomba kurejeshewa ndani ya muda wa sheria. Kunyamaza ni kungoja wakaguzi wa baadaye, ambao huja na ankara zenu mkononi na riba imeshapanda.

Marekebisho yakikubaliwa, chapisheni tathmini mpya na muipitie mstari kwa mstari kabla ya kwenda benki. Hakikisheni pia namba ya malipo ni ya tathmini hiyo mpya. Namba ya zamani wakati mwingine hubaki hai kwenye mfumo, na mkilipa kupitia hiyo, tamko litaonyesha deni huku pesa zenu zikining’inia kwenye tathmini isiyokuwepo tena.