Ndoo ya vimoro, miaka 20

Mmeuliza wiki hii: ukipewa kalamu ubadilishe adhabu moja tu katika sheria zetu, utabadilisha ipi? Najua wengi watakimbilia kuongeza, mafisadi wanyongwe, wabakaji wafungwe wasitoke. Mimi naomba kupunguza. Kalamu yangu inakwenda kwenye kile kifungo cha miaka 20 anachopewa mtu aliyekutwa na nyama ya porini.

Ninafundisha wilaya ya Serengeti. Huku kwetu mtoto anajua vimoro kabla hajajua kusoma: nyama ya nyumbu iliyochanwa mikanda ikaanikwa. Kijana wa jirani yangu alikamatwa alfajiri akiendesha baiskeli, ndoo ya lita kumi imefungwa nyuma kwa mpira, ndani vimoro. Siku ya kesi nilikaa benchi la nyuma na mama yake. Shtaka liliposomwa, Mama Bhoke akanigusa mkono: "Mwalimu, uhujumu uchumi ndiyo nini?" Nikakosa jibu. Kupatikana na nyara za serikali, yaani mnyama wa porini au sehemu yake hata kama ni nyama, bila kibali kumo katika orodha ya makosa ya uhujumu uchumi, kapu moja na wanaotuhumiwa kwa mabilioni.

Ofisa wanyamapori akasoma hati ya tathmini. Nyumbu mmoja, dola 650, kila dola shilingi 2,200, jumla shilingi 1,430,000. Kijana akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, mimi sikuwa na nyumbu. Nilikuwa na ndoo." Watu wakacheka. Hakimu hakucheka, alieleza kwamba bei inapigwa ya mnyama, si ya kilo. Na siku ya hukumu alisema wazi kwamba chini ya miaka 20 hana ruhusa ya kushuka. Simlaumu. Sheria ya Uhujumu Uchumi ilivyorekebishwa mwaka 2016 inataka kifungo kisichopungua miaka 20 wala kuzidi 30. Hakimu alimwona yule kijana, aliiona ndoo, alimwona na mama yake, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichoruhusiwa kukitia kwenye mizani.

Ukali huo haukuja hivi hivi. Mwaka 2009 nchi ilihesabiwa kuwa na tembo kama 109,000. Mwaka 2014 walibaki kama 43,000. Mimi mwenyewe wakati ule ningesema majangili wafungwe mpaka wazeeke humo humo. Ila tazameni panga lenyewe lilimkuta nani. Februari 2019 mahakama ya Kisutu ilimhukumu Yang Fenglan, yule mama wa Kichina magazeti yaliyemwita Malkia wa Pembe za Ndovu, kwa biashara ya vipande 860 vya meno ya tembo vyenye thamani ya shilingi bilioni 13. Alipata miaka 15. Makosa yake yalikuwa ya kati ya 2000 na 2014, kwa hiyo alihukumiwa kwa sheria ya zamani, na hapo mahakama ilifanya sawa, maana mtu hahukumiwi kwa sheria iliyokuja nyuma yake. Lakini matokeo ndiyo hayo: sheria ilinolewa kwa ajili ya watu wa aina yake, yeye akaiponyoka kwa tarehe, makali yakaishia kwenye chungu cha Mama Bhoke.

Kuna wanaotoka kwa rufaa. Nyama huoza, basi huteketezwa mapema kwa amri ya hakimu, na mshtakiwa anatakiwa awepo na asikilizwe kabla haijachomwa. Asiposikilizwa, ushahidi hutupwa na mtu hurudi nyumbani. Nafurahi akirudi, ila nakereka na sababu: mmoja ametoka kwa kuwa askari alikosea fomu, mwenzake wa ndoo kama ile ile anabaki kwa kuwa fomu ilijazwa vizuri.

Sasa niseme la kuwaudhi baadhi yenu. Mwaka 2016 mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona, waliotiwa hatiani kwa kuisababishia serikali hasara ya shilingi bilioni 11.7, walitolewa gerezani kumalizia kifungo chao cha miaka miwili kwa kufanya usafi hospitali ya Sinza Palestina. Nchi ilichemka. Mimi sikuona ubaya wa ufagio. Mzee kusafisha hospitali mbele ya watu aliowaongoza ni adhabu inayoonekana, na haimlishi mtu bure. Kinachoniudhi ni kwamba Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inamfaa yule ambaye kifungo chake hakizidi miaka mitatu. Mwenye kuanzia 20 hata mlangoni hafiki. Ufagio wa mawaziri upo, wa mwenye ndoo haupo.

Askari mmoja wa pori, rafiki yangu, aliniambia nisiwapambe hawa vijana: waya wa mtego hauchagui, leo unanasa nyumbu, kesho twiga, na ndoo zikiwa mia ni biashara tayari. Kweli kabisa. Mwenye pikipiki anayekusanya nyama ya vijiji vitatu kupeleka mjini, mwacheni kwenye miaka yake. Ila hakimu apewe nafasi ya kumtofautisha na mwenye ndoo, afike hata chini ya miaka mitatu akiona inafaa.

Na huyo wa ndoo nisingempa ufagio. Ningempa mwaka mzima wa kutembea porini na askari, siku tano kwa wiki, akitegua nyaya. Anajua zilipo kuliko wao. Nyingine kazitega mwenyewe.