Jibu: Nyumba ya mawe ikarabatiwe kwa chokaa, na kazi ianzie kwenye maji

Ndugu yangu, umeuliza namna ya kukarabati nyumba ya bibi yenu iliyopo Kiponda, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa gharama mnayoimudu na bila kuharibu mazingira. Umeeleza pia kwamba fundi amewashauri mbandue lipu yote iliyochakaa, mpige ya saruji, mmwage zege juu ya sakafu ya ghorofani na mfunge kiyoyozi kila chumba. Ninaishi katika nyumba ya aina hiyohiyo mtaa wa Mkunazini, na nilisimamia ukarabati wake kuanzia paa hadi msingi. Katika ushauri mliopewa ninakubali jambo moja tu, nalo ni kubandua lipu iliyochakaa.

Kabla ya kufikiria rangi wala vigae, tafuteni maji yanaingilia wapi. Kuta za nyumba hizi, ambazo unene wake hufika nusu mita na zaidi, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, navyo vyote hufyonza unyevu kutoka ardhini na kutoka kwenye mvua, kisha huuachia taratibu ukatoka kama mvuke. Saruji ni nzito na imeshikamana mno, kwa hiyo huuzuia mvuke huo. Unyevu ukikosa njia hupanda juu zaidi ukiwa umebeba chumvi, na chumvi ikikauka nyuma ya lipu hujijenga kuwa chembe zinazosukuma hadi lipu inadondoka pamoja na vipande vya jiwe lenyewe. Kwetu, vyumba ambavyo wakazi wa awali walivipiga saruji vilikuwa vimelowa hadi usawa wa kifua, ilhali stoo ambayo hakuna aliyeigusa kwa miaka mingi, na ambayo bado ilikuwa na lipu yake ya chokaa, ilikuwa kavu. Tuliibandua saruji yote, tukaziacha kuta wazi msimu mzima wa kaskazi zipate kukauka, ndipo tukapiga chokaa.

Chanzo cha pili cha maji, na pengine kikubwa kuliko mvua, ni vyoo na bafu zilizoongezwa ghorofani baada ya nyumba kujengwa. Bomba linalovuja kidogokidogo ndani ya ukuta halionekani mpaka ncha za boriti zimeshaoza na mchwa wameshaingia. Kama inawezekana, shusheni bafu chini, au angalau mabomba yapite nje ya ukuta mahali mtakapoweza kuyaona.

Sasa chokaa yenyewe. Jiwe la chokaa huiva kwenye joto la nyuzi 900 hivi, wakati saruji huhitaji takriban nyuzi 1,450, na chokaa ikiwa ukutani huendelea kuvuta tena kutoka hewani sehemu ya hewa ya ukaa iliyotoka jiwe lilipochomwa. Hata hivyo chokaa yetu huchomwa kwa magogo, na magogo hayo ni miti iliyokatwa, kwa hiyo isitumike ovyo. Vifusi vya lipu ya zamani ya chokaa msivitupe: vipondeni, vichekecheni, mvichanganye na chokaa mpya badala ya sehemu ya mchanga. Mawe yaliyodondoka yarudi ukutani. Mchanga wa ufukweni msiukubali, kwa sababu una chumvi na kuuchimba kunakula fukwe. Nunueni chokaa iliyozimwa kwa maji na kulazwa kwa muda mrefu, kwa maana isiyozimika vizuri hufura ikiwa ukutani. Fundi alowanishe ukuta kwanza, apige tabaka nyembamba, aisubiri ishike kabla ya kuongeza nyingine, na aifunike kwa magunia yaliyolowa ili jua lisiikaushe kwa pupa. Fundi anayeahidi kumaliza nyumba nzima kwa wiki moja hajawahi kufanya kazi ya chokaa. Juu yake pakeni chokaa nyeupe. Rangi ya plastiki huufunga ukuta vilevile kama saruji.

Zege juu ya sakafu ya ghorofani likataeni kabisa. Boriti za mikoko zilichaguliwa kubeba sakafu ya mawe madogo na chokaa, na uzito wa zege ukiongezwa juu yake huzipinda. Gongeni boriti moja baada ya nyingine na kuzichunguza nchani. Iliyo nzima ibaki ilipo hata ikiwa nyeusi kwa moshi na umri, na ibadilishwe ile iliyooza tu. Kila boriti inayobaki ni mkoko mmoja usiokatwa, na mikoko ndiyo inayoukinga ufuo wetu dhidi ya mawimbi na kuwapa samaki mazalio.

Kuhusu joto, angalieni kwanza ua wa katikati ya nyumba. Familia nyingi zimeufunika kwa mabati ili kupata chumba cha ziada, kisha zikashangaa kwa nini nyumba imekuwa giza na ina harufu ya ukungu. Ua ukiwa wazi, hewa ya moto hupanda na kutokea juu, na upepo wa barabarani huvutwa ndani kupitia madirisha. Tulipoondoa mabati na kurudisha madirisha ya mbao yenye vibao vya mlazo, feni zilitosha kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mkilazimika kufunga kiyoyozi kwa ajili ya mgonjwa au mzee, kifungeni chumba kimoja, na maji yake yaingie kwenye ndoo ya kudekia badala ya kuchuruzika kwenye ukuta wa jirani.

Paa likishazibwa, wekeni mifereji na tangi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo siku ya masika yenye milimita 50 huteremsha lita 3,000 kwenye paa la mita za mraba 60. Maji ya mwanzo yanayosafisha vumbi na kinyesi cha ndege yamwageni. Yanayofuata yanafaa kwa kufulia, kudekia na chooni.

Taa zenu badilisheni hata leo, mweke za LED. Paneli za jua ningeziweka mwisho kabisa, baada ya paa kuthibitika kuwa imara, kwani haina maana kuzipandisha juu ya mbao zitakazohitaji kufumuliwa.

Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na ukarabati unahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Pelekeni maombi pamoja na picha za kila chumba kabla hamjanunua chochote, na mkiwa huko ulizeni ni waashi gani wenye uzoefu wa chokaa.