Mtihani wa Kifini Ukubwani: Nijiandaeje Nikiwa Dar es Salaam?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhasibu mwenye umri wa miaka 43. Mume wangu anafanya kazi Tampere, nchini Ufini, nami natarajia kumfuata pamoja na watoto. Tangu mwaka jana najifunza Kifini kwa njia ya mtandao nikitoka kazini, lakini viishio vya nomino vinanichanganya na hofu ya mtihani inazidi kunipanda. Je, naweza kuufanyia hapa Dar es Salaam? Nichague ngazi ipi, na umri wangu si kikwazo?
Mama wa Tabata

JIBU: Dada yetu, tunakupongeza kwa kuanza mapema. Mtihani unaouzungumzia, ambao Wafini huuita YKI, ulianzishwa mwaka 1994 na umetungwa mahsusi kwa ajili ya watu wazima. Haukuulizi ulisomea wapi wala kwa kitabu gani, bali hupima kama unaweza kuitumia lugha katika shughuli za kila siku, na kwa sababu hiyo umri wako si kikwazo hata kidogo. Vituo vyake viko Ufini, hivyo muda ulio nao hapa Dar es Salaam utumie kujenga msingi imara.

Kuhusu ngazi, ziko tatu: ya msingi, ya kati na ya juu. Tunakushauri ulenge ya kati, ambayo matokeo yake hutolewa kwa kiwango cha 3 au cha 4 kati ya viwango sita vya mtihani mzima. Kiwango cha 3 hulingana na B1 katika vipimo vya lugha vya Ulaya, na ndicho kinachohitajika kwa anayetaka kuomba uraia, ambapo kuzungumza na kuandika ni mojawapo ya michanganyiko ya stadi inayokubaliwa.

Sehemu inayostahili jasho lako zaidi ni ya kuzungumza. Mtahiniwa huvaa hedifoni na kusema kwenye kinasa sauti, huku wenzake chumbani humo wakifanya vivyo hivyo. Husikia sauti ikimsemesha, hupewa sekunde chache za kujibu, kisha sauti huendelea, awe amejibu au amekaa kimya. Hakuna anayekutikisia kichwa kukutia moyo. Mtu aliyekariri majedwali yote ya viishio anaweza kukwama hapo kwa sababu bado anatafuta kiishio sahihi. Ni kweli kwamba Kifini kina hali 15 za nomino, yaani maumbo ya nomino yanayobadilika kwa viishio kulingana na kazi yake katika sentensi, na huwezi kuzikwepa, lakini jibu lenye kiishio kilichokosewa linaloeleweka lina thamani kuliko ukimya. Kwa hiyo jirekodi kwa simu kila jioni: jifanye unaipigia zahanati kuahirisha miadi kwa sababu mtoto anaumwa, jipe sekunde 20, na usirudi nyuma kusahihisha hadi umalize. Kumbuka pia kwamba Kifini hutia mkazo kwenye silabi ya kwanza, ilhali sisi tumezoea kuuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Zoea hili huchelewa kutoka, na linahitaji kusoma kwa sauti.

Kwa upande wa kusikiliza, shirika la utangazaji la Yle hutoa taarifa fupi za habari kwa Kifini chepesi, zinazosomwa polepole na kuambatana na maandishi. Zisikilize ukiwa kwenye daladala, kisha uzisome nyumbani, ukizingatia urefu wa sauti, maana tuli ni moto, tuuli ni upepo na tulli ni forodha. Lugha ya mitaani huyafupisha maneno, hivyo mwombe mumeo mzungumze Kifini kwa muda fulani kila mnapopigiana simu.

Katika kuandika utakutana na ujumbe kwa rafiki, ujumbe rasmi na maandishi ya kutoa maoni. Uzoefu wako wa barua za ofisini utakufaa sana katika huo wa pili.

Cheti hakiishi muda wake, na asiyeridhika na matokeo anaweza kurudia mtihani, ingawa ada hulipwa upya. Safari yenu ikishapangwa, mumeo afuatilie siku ya kufunguliwa kwa usajili, kwa kuwa nafasi za Kifini ngazi ya kati hujaa upesi, hasa katika miji mikubwa, na muwe tayari kusafiri hadi kituo cha mji mdogo.